Masika Aliyonyamaza Mama

Siku chache baada ya kumzika mama nilitoka Jang'ombe kwa miguu, nikaingia Mji Mkongwe bila kuwa na la kufanya huko. Miguu yenyewe ikanipeleka kwenye kichochoro chetu cha zamani. Nyumba ipo. Imepakwa chokaa upya, mlango umesuguliwa ukang'aa, na barazani, mahali jirani yetu alipokuwa akianika pilipili, wameweka vyungu vya maua na kibao cha hoteli. Binti mmoja aliyevaa sare aliniona nimesimama nikitazama madirisha ya juu. Akatabasamu vizuri kabisa. "Jambo, mama! Karibu Zanzibar."

Nikamjibu ahsante, nikaondoka. Ningemwambia nini? Kwamba nyuma ya dirisha lile la mwisho, lile ambalo sasa lina pazia jeupe, mama yangu alilala masika nzima ameupa ukuta uso? Angenionea huruma tu, au angeogopa. Kwa hiyo nakusimulia wewe, ndugu yangu, ambaye una nafasi ya kusikiliza.

Zamani zile nyumba hiyo ilikuwa ya familia nyingi, kila moja na chumba chake au viwili, na ua ulikuwa wa wote. Sisi tulikaa juu. Chini yetu alikaa mjane mmoja ambaye watoto tulimwita Mama wa Chini, na jina likamganda hata watu wazima wakalitumia. Yeye na wengine wote mle ndani walikuwa Waislamu, sisi Wakristo, na kwa akili yangu ya kitoto tofauti hiyo ilikuwa na maana moja tu, kwamba sikukuu zilikuwa nyingi. Idi tulikula kwao, Krismasi walikula kwetu, na Mama wa Chini ndiye aliyekuja kusimamia pilau yetu kwa sababu hakuamini kwamba mama yangu anajua kukaanga vitunguu mpaka viive sawasawa.

Mama alikuwa anashona kofia za viua. Alikaa kwenye mkeka karibu na dirisha ili apate mwanga, kitambaa cheupe mapajani, sindano ikiingia na kutoka katika vile vitundu vidogo, na huku akiimba. Alikuwa na sauti nzito kwa mwanamke, sauti ya kubeba kwaya nzima. Aliimba nyimbo za kanisani, zile za Kwaresima hasa, kwa kuwa alisema zinaendana na mwendo wa sindano. Wanaume wengi wa mtaa wetu waliingia msikitini Ijumaa wamevaa kofia zilizoshonwa kwa nyimbo hizo, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliamka na sauti hiyo, pamoja na harufu ya mkaa wa seredani, na iliki ya mandazi, na mchuuzi wa mkate wa boflo akigonga pipa lake kichochoroni.

Nilikuwa darasa la tatu mama alipopata mimba. Nilikuwa mtoto wa pekee, na wote walikuwa wameshakata tamaa ya mwingine, kwa hiyo ile mimba ilikuwa kama ya nyumba nzima. Bibi yangu, mzaa baba, alikuja kutoka Bububu na kikapu cha mihogo na ndizi, akasema atakaa mpaka mkwewe atoke arobaini.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Ninachokikumbuka ni nywele zake, nyingi, zimelala kichwani kama zimepakwa mafuta, na kidole changu alivyokishika. Mama aliimba siku zile kwa sauti ya chini sana. Kisha mtoto akashikwa na homa. Baba akampeleka hospitali na mama, wakakaa huko, na asubuhi moja nikiwa uani nasukutua meno nikawaona wamerudi. Baba amebeba yule mtoto, lakini hakumbeba kama anavyobebwa mtoto. Bibi akaja akanifunika macho kwa upindo wa kanga yake. Kanga ilikuwa inanuka moshi. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa makuti kwenye nguo, mwili wangu unajua kabla yangu.

Wakamzika siku ileile. Mama alikuwa bado ndani ya arobaini, hajapata nguvu, na wazee wakasema asiende makaburini. Baba alikibeba kijisanduku mwenyewe. Mama alibaki kitandani, na maziwa yakaendelea kuja kana kwamba hayakupewa habari. Bibi alimfunga kifua kwa kanga, na kila baada ya muda kanga ililowa, akaifungua, akaifua, akamfunga nyingine. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Kanga hazikukauka. Zilining'inia ukumbini kote, nami nikapita chini yake kwenda shule.

Tangu siku hiyo mama hakusema neno. Sisemi kwamba alisema kidogo. Alinyamaza. Alipopewa uji alikunywa vijiko viwili akageukia ukutani. Baba, ambaye alikuwa fundi wa umeme, mtu wa kutengeneza vitu, alikaa ukingoni mwa kitanda na mikono yake mikubwa haina la kutengeneza. Kofia aliyoanza mama kuishona ilibaki dirishani, sindano imechomekwa katikati ya ua.

Padri alikuja. Alikuwa mtu mwema, nataka niliseme hilo wazi, alitembea kwenye mvua kutufikia na viatu vyake vilikuwa vinatoa maji. Aliomba, kisha akamwambia mama kwamba Mungu alimpenda mtoto yule zaidi yetu, ndiyo maana akamtaka mapema. Mama akageuka. Wote tulishtuka kuona uso wake.

"Na mimi je?" akasema.

Basi, maneno hayo tu, kisha akaurudia ukuta. Padri akainama, na Bibi akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Nilimsikia akimwambia kwa adabu, "Baba, ukija tena njoo tu ukae. Maneno bado hayajapata pa kuingilia."

Mama wa Chini ndiye aliyelijua hilo bila kuambiwa. Alipanda kila siku baada ya sala ya alasiri, na bakuli la uji wa mchele uliotiwa tui na pilipili manga, akavua viatu mlangoni. "Shikamoo," alimwambia Bibi. "Marahaba, mwanangu." Kisha akakaa chini karibu na kitanda cha mama, akaleta na ungo wake wa mchele, akawa anachambua. Hakumuuliza mama hali. Hakumwambia astahimili. Siku moja nilimuuliza uani kwa nini hamwambii mama kitu, na yeye anajua maneno mengi. Akasema, "Mimi nshazika watatu, mwanangu. Walioniambia maneno nimewasahau. Waliokaa nnawakumbuka mmoja mmoja." Sikuwa nimejua kwamba alikuwa na watoto.

Sasa, Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akiisoma Biblia yake tangu ujana wake, lakini miaka ile herufi zilikuwa zimeshamponyoka, na kwa hiyo kusoma ikawa kazi yangu. Kila alasiri, nikishatoka shule na kuosha vyombo, aliniita. "Naam, Bibi." Nikaja, nikakaa kwenye kizingiti cha chumba cha mama, maana Bibi alisema hapo pana mwanga. Hapakuwa na mwanga wowote hapo. Mwanga ulikuwa ukumbini. Lakini mtoto hambishii bibi yake, basi nikasoma kwenye kizingiti, na Bibi akakuna nazi, na Mama wa Chini akachambua mchele, na mama akautazama ukuta.

Nilitegemea tutasoma ya furaha. Nilikuwa nazijua zaburi za kushangilia, za vinubi na matari, nilizisoma vizuri mbele za watu. Bibi hakuzitaka. Alinitafutisha Raheli aliyewalilia wanawe akakataa kubembelezwa. Akanitafutisha Ayubu akiilaani siku aliyozaliwa, na zile zaburi za mtu anayemuuliza Mungu atamsahau mpaka lini. Siku ya tatu au ya nne nilichoka. Nikamnong'oneza, "Bibi, mbona unachagua za vilio tu? Mama atazidi."

Bibi akaacha kukuna. "Mtu akitumbukia kisimani," akasema, wala hakunong'ona, "humwimbii ukiwa juu. Unamteremshia kamba, na kamba lazima ifike alipo."

Tukaingia kitabu cha Ruthu. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa hadithi, na Mama wa Chini akakipenda pia. Alikuwa anasikiliza huku mikono ikiendelea na mchele, na akishuka jioni alikwenda kuwasimulia wenzake uani, nikamsikia. Siku tuliyoishia njiani, wale wajane wawili wakiwa bado wanatembea, alirudi kesho yake hata bakuli hajaliweka chini. "Yule mama mtu mzima na mkwewe, walifika?"

"Leo wanafika," Bibi akamjibu. "Soma, mwanangu."

Nikasoma Naomi anavyoingia Bethlehemu na wanawake wa mji wanashangaa, ni yeye huyu? Naye anawaambia wasimwite tena jina lake zuri, wamwite Uchungu, kwa sababu alitoka hapo akiwa amejaa, na Mungu amemrudisha mtupu. Nilikuwa nimeshageuza ukurasa.

"Rudia hapo."

Sikuitambua sauti. Ilikuwa imepata kutu. Mama wa Chini mikono yake ikatulia kwenye ungo. Bibi hakumtazama mama, alinitazama mimi na macho yake yasiyoona vizuri, akanipa ishara kwa kidevu. Nikarudia.

"Na Mungu hakumpiga?" mama akauliza, bado akiwa ameelekea ukutani. "Kusema vile mbele za watu?"

"Hakumpiga," Bibi akasema. "Akayaacha yaandikwe."

Mama akanyamaza tena, lakini haukuwa ule unyamavu wa kwanza. Jioni ile alikunywa uji wote. Usifikiri basi ndiyo akapona, hapana. Kesho yake alilia toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na kesho kutwa alimkasirikia baba kwa jambo la bure, kikombe nadhani. Lakini alikuwa anasema. Alianza kumwambia Mungu mambo ambayo mimi, mtoto wa shule ya Jumapili, niliogopa paa litatuangukia. Bibi alisikiliza na kusema tu, "Mwambie. Anakusikia, na mimi nnakusikia."

Wiki ile au iliyofuata, Bibi akanitafutisha kisa ambacho sikupata kukisikia kanisani, na mpaka leo nimekisikia mara chache. Kinamhusu Rispa, mwanamke ambaye wanawe waliuawa na miili yao ikaachwa mlimani bila kuzikwa. Akachukua gunia akalitandika mwambani, akakaa hapo tangu mavuno yalipoanza mpaka mvua ziliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku, wasiiguse miili ya wanawe. Hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo, naye akalifanya. Mpaka mfalme akapata habari, akaagiza mifupa izikwe kwa heshima.

Nilipomaliza, mama alikuwa ameketi. Miguu yake ilikuwa chini.

"Nataka kwenda," akasema.

Hakuna aliyemuuliza wapi. Bibi akamtafutia kanga kavu. Mama wa Chini akashuka mbio akarudi amevaa buibui, na Bibi akamwambia, "Mwanangu, kwenu wanawake hawaendi." Akajibu, "Simwendei maiti. Nnamwendea mwenzangu."

Makaburi yetu yalikuwa nje ya mji, chini ya miti, nyasi zimeota kwa masika. Mimi ndiye niliyewaonyesha, kwa sababu siku ya maziko nilikwenda na baba. Kilikuwa kijilima kidogo sana, na mvua ilikuwa imekishusha zaidi. Na kunguru walikuwa wamekaa juu yake. Unawajua kunguru wa mji wetu, rafiki yangu, wasivyo na haya. Watatu au wanne, wanadonoa kwenye udongo mbichi.

Mama aliachia sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu. Akawakimbilia, yeye ambaye asubuhi ile alikuwa akishikwa mkono kwenda chooni. Akaivua kanga ya mabegani akawapiga nayo hewani, huku na huku, mpaka wakaruka wote wakakaa kwenye mti wakilalamika. Kisha akaitandaza ile kanga juu ya kaburi, akaipiga pasi kwa viganja, pembe zote nne, kama unavyotandika kitanda cha mtoto. Akakaa chini kwenye tope. Mama wa Chini akakaa upande mmoja, Bibi upande wa pili. Mimi nilisimama. Kila kunguru alipojaribu kurudi nilimrushia kijiti.

Tulikaa mpaka mvua ikaanza, na bado tukakaa. Baba akatukuta hapo, ametoka kazini, alikuwa ametafuta nyumba nzima. Hakusema turudi. Alichutama nyuma ya mama akamkinga mvua kwa mgongo wake.

Baadaye, kiangazi kilipoingia, Bibi alinipeleka kwenye Injili, pale Yesu anapofika kwa wale dada wawili na ndugu yao ameshakuwa kaburini, naye analia. Mama alikuwa amerudi dirishani, anafumua ile kofia iliyoota kutu ya sindano. Akauliza bila kuinua macho, "Kama alijua atamfufua, alilia nini?"

Bibi akasema, "Sijui, mwanangu. Lakini nashukuru kwamba alilia."

Nadhani imani yangu yote, hii kidogo niliyo nayo, imesimama juu ya jibu hilo. Nimesikia mahubiri mengi mazuri tangu hapo.

Siku moja Mama wa Chini akapanda saa isiyo yake. Kuna binti, akasema, kule kwenye majumba ya Michenzani, kajifungua mtoto maiti, na wakwe wanamwambia asilie. "Twende, shoga."

"Nikamwambie nini?" mama akauliza.

"Nani kakwambia useme?"

Mama akachukua kitambaa chake na sindano, akaenda. Alirudi jioni macho yamevimba, akapika, tukala. Usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikukiona tangu kabla ya masika. Bibi akaniita nisome pale mtume anapowaandikia Wakorintho kwamba tunafarijiwa ili tupate cha kuwafariji wengine. Nikasoma. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni ghali mno, Mama." Bibi akasema, "Ni ghali."

Lakini aliendelea kwenda. Hiyo ndiyo ikawa kazi ya maisha yake, ingawa hakuna aliyempa wala aliyemlipa. Habari ilipita kwa wanawake, uani kwa uani, kwamba yuko mama mmoja Mkristo mshona kofia, ukifiwa na mtoto anakuja anakaa. Hakumhubiria mtu. Aliulizwa na baadhi ya watu kanisani kwa nini hawahubirii, akasema anafanya alichofanyiwa.

Bibi hakurudi Bububu. Ile arobaini aliyoijia ikawa miaka, akafia chumbani kwetu asubuhi moja ya Jumapili, mimi nikimsomea, na sikujua amekwenda mpaka mama aliponigusa bega. Nyumba ikaanza kumong'onyoka, ukuta wa uani ukaanguka, tukaambiwa tuhame. Sisi tukaenda Jang'ombe. Mama wa Chini akachukuliwa na jamaa zake shamba, na mama alikwenda kumtazama kila mwezi mpaka siku ya kumzika, akabaki nyuma na wanawake. Baba naye akafariki. Mimi nikaolewa bara.

Mwaka huu mama alipozidiwa nilikuja kumuuguza. Sauti ile nzito ilikuwa imebaki pumzi tu. Alasiri moja nilimuuliza kama anaogopa.

"Siogopi," akasema. Kisha, "Ila nnaona haya kidogo."

"Haya ya nini, mama?"

"Yule mtoto. Hakukaa nami hata wiki mbili. Nimezeeka, sura imebadilika. Nikifika atanijuaje?"

Nilitafuta aya, ndugu yangu. Nazijua nyingi, nilizisoma zote kwenye kizingiti. Sikupata hata moja iliyofika alipo. Nikamwambia, "Imba, mama. Alikusikia ukiimba."

Akatabasamu. Alijaribu. Haikuwa sauti, ilikuwa midomo tu inayotembea, lakini niliutambua wimbo, ni wa Kwaresima. Akafa siku ya pili yake.

Wanawake waliojaa kichochoroni Jang'ombe siku ya mazishi, wengi wao wa buibui, sikuwajua hata mmoja. Hawakunieleza wao ni nani. Waliingia, wakavua viatu, wakakaa.

Sasa hakuna aliyebaki. Sauti ya mbuzi ya kukunia nazi imekwisha, na uji wa pilipili manga, na yule aliyeuliza kama wajane wamefika. Wote walioujua uso wa yule mdogo wangu wamekufa, na mimi mwenyewe nimebakiwa na nywele zake tu na kidole kilichoshikwa. Nikifa mimi, hapa duniani hatakumbukwa na mtu. Jambo hilo linaniuma kuliko nilivyotazamia. Naliweka mbele za Mungu kila siku bila kulipamba, kama nilivyofundishwa, na sijajibiwa. Alasiri ikifika, hapa kwangu ambapo hapana mtu wa kunisikiliza, bado nasoma kwa sauti.